Radhi Niliyomnyima Binti Yangu

Mimi hasira zangu ziko karibu. Watu husema hesabu mpaka kumi. Mimi nikifika tatu nimeshasema, na niliyemwambia ameshalia.

Siku hiyo nilikuwa Malqa, Riyadh, nampigia pasi kanzu baba mwenye nyumba, simu nimeiegemeza kwenye kopo la wanga wa kupulizia nguo. Nikaiona status ya binti yangu wa miaka kumi na tano, niliyemwacha Likoni kwa mamangu. Kasukwa nywele mpya, kapaka kucha rangi, yuko ufuoni, na saa ni ya shule. Ala! Mimi huku mgongo unakatika, yeye huko anacheka meno yote nje! Nikabonyeza kile kidude cha kurekodi sauti, nikamwaga. Dakika mbili nzima. Mwisho nikamwambia, "Bora ningezaa jiwe. Radhi zangu huna."

Kwetu maneno hayo hayasemwi ovyo. Mtoto aliyenyimwa radhi na mzazi, watu huamini hakuna atakaloshika likasimama. Nililijua hilo, na bado nikayasema. Zile tiki mbili zikageuka buluu.

Jioni mamangu akanipigia. Shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na nywele alimsuka yeye mwenyewe. "Mdomo wako huo, mwanangu, utakuja kukuponza!" akaniambia, akakata simu.

Nilimwomba binti yangu msamaha kwa maandishi na kwa vikatuni vya mioyo. Lakini kila ujumbe niliutia sababu: nilikuwa nimechoka, nawe ungenieleza mapema. Yale ya radhi sikuyagusa. Niliona haya hata kuyataja. Hakujibu. Shule alirudi, mamangu akasema, ila daftari hafungui. Miezi miwili sikuisikia sauti ya mwanangu.

Likizo ilipofika, familia niliyoifanyia kazi ikahamia Jedda pamoja nami, mtaa wa Hamra, nyumbani kwa mamake madam, mke wa baba mwenye nyumba. Mdogo wake madam alikuwa anasoma saikolojia chuo kikuu, na alipenda kukaa jikoni akinisimulia masomo yake kwa Kiarabu cha polepole ili nimuelewe. Nikamweleza yaliyonisibu.

"Wewe unadhani watu watulivu wana breki kali," akaniambia. "Wengi wamejipangia tu wasipite penye mteremko."

Kichwa kikishachemka, alisema, huo si wakati wa kuamua. Amua mapema, ukiwa umetulia: likitokea lile, nitafanya hili. Nikamcheka.

"Yaani nipange ratiba ya hasira?"

"Ndiyo. Yalla, panga."

Basi nikapanga. Simu ikawa inakaa juu ya friji mpaka nimalize pasi. Na nikikasirika, nirekodi mahali ambapo sauti haitumwi kwa mtu, nisikilize mwenyewe mpaka mwisho, ndipo niamue. Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Nilimfokea dereva, Mkenya mwenzangu, kwa sababu ya mfuko wa mchele uliopasuka, na kesho yake nikamwendea kichwa chini.

Kisha mamangu akaleta habari: shule zimefunguliwa, mtoto amegoma kwenda. Wallahi hasira zilinipanda. Nikajifungia chumba cha kufulia, nikarekodi, nikasikiliza. Niliyemsikia alikuwa mwanamke ambaye mimi mwenyewe nisingetaka kukaa naye chumba kimoja. Alitaja mgongo wake, ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, jasho lake. Hakuuliza hata swali moja. Nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halas, nikafuta.

Nikatia shuka kwenye mashine, nikangoja mpaka zilipomaliza kufuliwa. Ndipo nikarekodi ya kutuma: "Mwanangu, nilikukosea. Sina sababu. Radhi zangu unazo, na siku zote utakuwa nazo. Niambie, kwa nini hutaki shule?"

Tiki zikageuka buluu. Nikaanika shuka. Madam aliniita mara mbili sikumsikia, na mara ya tatu akaja mwenyewe kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia mafi, siumwi, nikaendelea na kazi.

Jibu likaja adhuhuri. Sauti ilikuwa ya chini, imekuwa nzito kidogo tangu nilipoisikia mara ya mwisho.

"Mama, si kwamba sitaki. Nilijiuliza tu, mtu hana radhi za mamake, atasoma afaulu vipi? Kesho nitaenda."

Nikakaa pale pale kwenye vigae vya jikoni nikalia kwa sauti, mpaka yule msichana wa saikolojia akaja mbio akidhani nimefiwa. Akachuchumaa, akanishika mkono, akaniuliza binti alikuwa amenikasirikia kiasi gani. Nikatikisa kichwa. Kiarabu changu hakikutosha kumweleza kwamba mwanangu hakunikasirikia. Aliyaamini tu yale maneno yangu ya radhi.