Sentensi Tatu Mlangoni Lidcombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa wakalimani aliniita ofisini kwake Parramatta, huku ughaibuni, akaanza kunifunda kabla sijavua koti.

“Mgonjwa akisema ‘naumwa’, nawe sema ‘naumwa’. Usiseme ‘anasema anaumwa’. Huongezi, hupunguzi, hushauri. Ukitoka chumbani, hukusikia kitu.”

Hiyo ndiyo tuliyoiita nafsi ya kwanza, yaani kusema kama kwamba wewe ndiye mwenye maneno. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, mtu wa kusahihisha watu. Nilitoka mle ofisini nikiogopa mdomo wangu mwenyewe.

Mwanzoni nilipangiwa simu, ambako unamtafsiria mtu usiyemwona uso. Baadaye nikapelekwa hospitali moja ya upande wa magharibi, chini ya Muuguzi Mkuu aliyetembea kama anayefukuzwa. Huko ndiko nilikokutana na mtu ninayetaka kuwasimulia. Jina lake silitaji. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala moja Seven Hills, na alilazwa kwa kuvunjika mkono. Daktari akamuuliza kama anakunywa pombe.

“Nakunywaka kidogo,” akajibu.

Nikatafsiri kwamba anakunywa kidogo. Ile -ka ya mwisho niliipita. Kwa Waswahili wa Kongo, -ka hiyo ni mazoea, jambo la kila siku. Siku ya pili wodini, mwili ulipokosa pombe ghafla, alipatwa na degedege, ikabidi watu wanne wamshike. Daktari aliniambia wagonjwa wengi huficha, nisijilaumu. Lakini kuanzia siku hiyo kila nilipofungua kinywa niliogopa kuna kitu nimekiacha.

Alipotibiwa akapata nafuu, Ofisa Ustawi wa hospitali alimtafutia kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kwenye ukumbi mmoja Lidcombe, Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nikapangiwa kwenda naye. Tulikutana kituo cha treni. Mkono ulikuwa bado kwenye plasta, na jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

“Mama, mule ndani iko watu yetu?”

“Sijui.”

“Wakiniona, kanisa yote itajua. Bibi yangu atabeba watoto.” Bibi, kwao, ni mke, na kubeba watoto ni kuondoka nao.

Mlangoni alitupokea Mwenyekiti wa mkutano, mzee wa Kizungu aliyevaa kaptura. Aliniuliza kwa upole kama na mimi nakunywa. Nikasema hapana, mimi ni mkalimani.

“Samahani sana. Huu ni mkutano wa ndani, wa wale tu wanaotaka kuacha pombe. Yeye karibu, wewe hapana. Jumamosi kuna mkutano wa wazi Seven Hills, huo anaingia yeyote.”

Nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza.

“Seven Hills nafanyaka kazi,” akasema. “Kule hapana. Basi turudi.”

Akageuka. Ng’ambo ya barabara kulikuwa na duka la pombe, taa zake zimeshawashwa, na macho yake yakaenda huko moja kwa moja. Kwa kanuni, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nililiona lile degedege tena, wazi kabisa.

“Baba, ngoja,” nikasema. Sikuwahi kumpa mteja shauri langu mwenyewe. “Kiingereza unajua kiasi gani?”

“Ya foklifti tu.”

Tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamfundisha sentensi tatu kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la tatu: *My name is*, kisha jina lake. *I drink. I want to stop*, yaani nakunywa, nataka kuacha. Alizirudia huku meno yakigongana. Mwenyekiti alisubiri, ameushika mlango. Kisha yule baba akaingia peke yake.

Nilikaa pale saa nzima. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mlango mwingine, unaotokea maegesho ya magari, nami nisingeweza kuilinda milango miwili. Nilisikia viti vikiburutwa, mtu akakohoa. Nilisali bila mpangilio.

Alitokea mlango wa mbele, macho mekundu.

“Nimesema zote tatu, mama. Ya mwisho nimesema mara mbili.”

Asubuhi nilimweleza Mratibu mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine.

“Umemshauri mteja,” akasema.

“Ndiyo.”

“Ungefanya tena?”

Nilimwekea mezani kitambulisho changu cha hospitali. Akanitoa hospitali ile, akanirudisha kwenye simu kwa miaka miwili. Simlaumu. Kanuni ile imewalinda wengi dhidi ya wakalimani wenye huruma nyingi na akili kidogo. Kilichonitesa ni kutojua habari zake. Kila simu ya hospitali ilipoingia na sauti ya Mkongo, nilitega sikio kama ni yeye.

Mwaka jana nilistaafu, sikio la kushoto likiwa limechoka. Vijana wanaoanza huniuliza hofu huisha lini. Mimi yangu haikuisha. Niliizoea tu, na nadhani ilinifanya nisikilize vizuri zaidi.

Majuzi, kwenye harusi Parramatta, nilikuwa kwenye foleni ya chakula nikamwona yule baba mbele yangu, pamoja na mkewe na mabinti wawili wanaoongea Kiingereza kitupu. Alikuwa na soda mkononi. Nikatazama pembeni, kama kazi inavyotaka. Yeye akanijia, akanisalimu kwa mikono miwili.

“Munajuana?” mkewe akauliza.

Nikamwachia yeye ajibu.

“Mama huyu,” akasema, “ndiye alinifundisha Kiingereza.”