Viatu Kwanza, Chakula Baadaye

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Na mtu akimgusa mjomba wangu, hata zile za mbali zinakuja.

Mjomba ni kaka yake mama. Kule Kongo alicheza mpira wa kulipwa, kiungo, daraja la kwanza, mkataba na kila kitu. Hapa Houston anapanga maboksi kwenye ghala, na tunakaa naye mtaa wa Gulfton, ghorofa ya pili. Kiwanja chetu cha Jumapili unakiona kutoka barazani. Miaka minne nacheza pale, hajashuka kuniangalia hata dakika moja. Ila nikirudi tu, sijanawa bado, ananyoosha mkono: lete viatu. Anakaa chini na mswaki wa zamani, anachokoa udongo kwenye meno ya soli, anafuta, anajaza magazeti ndani. Wali unapoa mezani. Kwake viatu vikiwa vichafu hakuna kula, na mama alishachoka kubishana.

Nilikuwa naona aibu, mtu mzima ananisafishia viatu. Mimi nilitaka kitu kimoja: aje kiwanjani, watu wamuone.

Mwaka jana ikaja timu kutoka mji wa mbali, Mesquite, Wakongo wenzetu na Wakenya wachache. Beki wao akanianza: eti huyo mjomba wako unayemsifia kila mahali ni staa wa mdomo, picha yake iko wapi, hata jezi moja? Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikampiga kichwa. Nikatolewa, na viongozi wetu wakasema sichezi tena mpaka nikamwombe msamaha.

Nilirudi nyumbani nikijua mjomba atafurahi, si nimempigania? Akachukua viatu kama kawaida. Nikamwambia simwombi msamaha mtu aliyemwita mwongo, na kama vipi ashuke mwenyewe awaonyeshe. Akachokoa udongo, halafu ndipo akanieleza. Kwenye timu yao mdogo kuliko wote ndiye aliyesafisha viatu vya wakubwa, na hakuna aliyekula kabla havijaisha. Mdogo alikuwa yeye. Siku ya mwisho walishavaa jezi, wanangoja timu ya wageni. Wageni hawakufika, zilifika risasi. Kila mtu akakimbia na njia yake. Mpaka leo hajui nani yuko hai, na akisogelea watu waliovaa jezi, miguu inakataa.

"Picha ziliungua na nyumba," akasema. "Yule kijana atajuaje? Nenda kamwambie samahani, mtoto wa dada. Mimi nataka ucheze tu."

Nika-drive masaa manne mpaka Mesquite. Nikamwambia yule beki samahani. Akanicheka, akasema kichwa changu kinafaa kuvunjia mawe, akanipa soda.

Kesho yake mjomba akarudi kutoka kazini na vile viatu vyake vya chuma mbele, vumbi tupu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mswaki. Nikanyoosha mkono.

"Hapa mdogo ni mimi," nikamwambia.

Akaegemea ukuta. Halafu akavua. Mama akaufunika wali.

Kushuka bado hajashuka. Lakini Jumapili iliyopita nilipofika nyumbani, kiti cha plastiki kilikuwa barazani, kimegeuzwa kuelekea kiwanjani. Akapokea viatu, akaanza na cha kushoto.

"Huu mguu," akasema, "mvivu sana."

Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikubisha.