Dumu la Bahari

Wiki iliyopita nilikuwa kijijini kwetu Endasak, nimeketi jikoni kwa jirani wa marehemu bibi yangu, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, simu ikalia. Binti yangu, anayesoma Tanga, alikuwa ametuma picha: yeye na wenzake mchangani, sketi zimelowa, meno yote nje. Chini ameandika, "Mama, nikuletee nini likizo hii?" Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikamsimulia jirani kisa ambacho nimekirudia miaka yote nikidhani nakijua chote. Nawe, rafiki yangu, nikusimulie kama nilivyokijua asubuhi ile.

Mimi nami nilisoma Tanga, kidato cha tano na cha sita. Kwa mtu aliyelelewa na bibi kwenye mteremko wa Hanang, ambako asubuhi unachota maji huku meno yanagongana, jua lile lilikuwa maajabu. Ukianika sketi, hujamaliza kufua soksi, tayari imekauka. Wenzangu wa pwani walinitania sana kwa sababu wiki nzima ya kwanza nilivaa sweta, jasho linanitiririka nami nasema sijambo. Jumamosi tukiruhusiwa tulishuka ufukweni, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukabishana kuhusu mitihani. Kuogelea walinifundisha. Nilizama mara mbili, nikaacha.

Ila siku ya kwanza maji yale yaliponiingia mdomoni, nilifikiria ng'ombe. Kwetu ng'ombe hupelekwa bondeni kulamba udongo wa chumvi, mwendo wa siku nzima, na bibi alikuwa akisema ng'ombe asiyepata chumvi anakunyima maziwa kwa hasira. Hapa chumvi imejaa hadi macho yanapoishia, na hakuna hata ng'ombe mmoja. Niliona huu ni uzembe mkubwa wa watu wa pwani.

Bibi alikuwa ameniagiza nimletee hiyo bahari aione. Basi likizo ya Juni nikajaza dumu la lita ishirini. Kondakta akauliza ni mafuta gani, nikamwambia ni bahari, basi zima likacheka. Bibi alichovya kidole, akaonja, akatema, akacheka hadi akashika kiuno. Akajipaka kidogo kwenye paji la uso, akasema sasa hata akifa ameiona. Dumu tukaliacha karibu na zizi.

Ng'ombe wake walikuwa wawili tu: mmoja wa maziwa, na mtamba mdogo mwekundu aliyetengwa kwa ajili ya ada yangu ya kidato cha sita. Kesho yake jioni yule mtamba alirudi malishoni na kiu kali, maana kijito kilikuwa kimekauka. Bibi alikuwa hajarudi kutoka kwenye sala za jumuiya. Nami, kwa upendo wote, nikammiminia bahari kwenye beseni. Akanywa yote, nikajiona bwana mifugo. Asubuhi tulimkuta amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu puani.

Sijawahi kushtuka vile. Nilisimama na dumu tupu mkononi, hata kulia siwezi. Nilijua nimeiua shule yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasubiri fimbo. Bibi aliliangalia dumu, akamwangalia mtamba, akasema, "Chumvi ikizidi ni sumu. Kamwite jirani atusaidie kufukia." Hakulitaja tena jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Nilirudi shule nikiogopa kufukuzwa, lakini haikupita wiki mbili mhasibu akaniambia ada imelipwa. Sikuuliza. Msichana wa umri ule haulizi. Anashukuru Mungu na kwenda ufukweni kula mihogo.

Desemba nilipokuja nyumbani zizi lilikuwa tupu. Bibi akasema ng'ombe wa maziwa amempeleka kwa rafiki yake bondeni. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa kwetu mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Rafiki anakutunzia, anakunywa maziwa, ndama wanabaki wako. Na kila asubuhi ya likizo chai yangu ilikuwa na maziwa. Yeye alikunywa ya rangi, akisema uzeeni maziwa yanamsumbua tumbo.

Kisa changu huishia hapo, na watu hucheka. Jirani hakucheka. Aliuweka mwiko chini.

"Mwanangu, hakukuwa na rafiki bondeni," alisema. "Yule ng'ombe aliuzwa mnadani baada ya mtamba kufa, wewe uko njiani kurudi shule, hata Tanga hujafika."

Nikamwuliza, na maziwa je?

"Ya kwangu. Ukiwa likizo alikuwa akija na kikombe kimoja kila asubuhi kabla hujaamka. Nikamwambia achukue viwili, akakataa. Alisema mgeni ni mmoja."

"Na tumbo lake?"

"Tumbo lake lilikuwa zima."

Nilihisi kama nimepigwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikichekesha watu na dumu langu, mwanamke yule akitembea na kikombe kwenye umande. Zizi sasa ni shamba la maharage, nyumba ya bibi imebaki msingi, na hakuna mlango wa kwenda kubisha hodi niombe radhi.

Chai ikaganda utando juu, nikashindwa kuinywa. Jirani aliponiuliza kama maziwa yamezidi, nilitikisa kichwa tu. Simu ililia tena: binti yangu alikuwa bado anauliza aniletee nini.