Mahali Tusipopataja

Nakumbuka asubuhi niliyoimwagia boti ya wageni beseni zima la maji yako ya kuogea, mwanangu. Ulikuwa umetimiza siku arobaini. Nimesimama ziwani, maji kiunoni, khanga moja mwilini, na Bibi Mwajuma amekupakata tukuchovye kama kila mtoto wa mwalo wetu huku Bangwe. Pale mwanaume mzima hafiki. Hata jina la mahali hatulitaji mbele ya wanaume. Nikasikia injini, nikageuka, nikaona simu za wageni zimenielekea, nikanyakua beseni.

"Shemeji, acha! Utanifukuzisha kazi!" Ni baba yako mdogo Juma, nahodha wa boti ile.

"Toa macho yako huku! Nani kakuleta?"

"Si mlikubali wenyewe? Kikaoni mliulizwa, na wewe ulikaa mbele kabisa!"

Kweli, tuliulizwa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia. Watu wa mradi walikuja na maneno matamu: utalii usioharibu ziwa wala mila, na sisi wanawake tuuze mikeka. Nilipiga makofi, sikatai. Mikeka yangu wananunua mpaka leo. Mwenyekiti akauliza, "Kuna sehemu hamtaki wageni wafike?" Wanaume wamejaa ukumbini. Wanawake tukatazamana, tukainamisha vichwa. Tungepataja, tungevunja mwiko. Hatukupataja, akaandika: hakuna.

Sasa nimkasirikie nani? Juma angejuaje, na hatujawahi kumwambia? Nikamgeukia Bibi Mwajuma, nikamfokea mtu mzima, Mungu anisamehe. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Na wewe ulinyamaza," akanijibu, anakufunika. "Tena wewe ndiye uliyesoma."

Tulirudi nyumbani hujachovywa.

Mwanangu, nisikilize. Ukiulizwa mbele ya watu jambo usiloweza kulisema mbele yao, usiiname kama mimi. Simama, sema, "Hili tuulizeni peke yetu." Huo si utovu wa adabu. Mwiko umetukataza jina tu, haujatukataza kusema hapana. Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi, na maji ya ziwa hili yakupokee.

Kesho yake nilipeleka barua hii ofisini:

"Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOTI ZA WAGENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sipingi wageni. Napinga muhtasari wa kikao ulioandika kwamba wanawake hatuna sehemu ya kuzuia. Tunayo. Naomba kiitwe kikao cha wanawake pekee, na mwandishi awe mwanamke. Mpaka hapo, boti zisivuke lile jiwe jeupe lililo njiani kufika huko.

Jina la mahali penyewe siliandiki. Muulize mama yako mzazi, Mheshimiwa. Na wewe ulichovywa pale."