Chapa ya Ubavuni

Mimi ni mtoto wa duka. Nilizaliwa Bomani, Tarime mjini, nyuma ya duka la vitenge la baba, na ng'ombe nilimjua akiwa sufuriani. Nikapangiwa kufundisha Kiingereza katika kijiji cha Kisaka, kwa watoto walioanza kuchunga kabla ya kujua kuandika majina yao.

Kidato cha pili changu hakikufungua mdomo. Nikiuliza kwa Kiingereza, kimya kama maji ya mtungi. Mkuu wa shule akaniita: mkaguzi anakuja Alhamisi, na darasa lisipozungumza mbele yake, somo atapewa mwingine, mimi nibaki na Uraia. Nilikasirika hadi machozi. Kiingereza ndicho nilichokisomea na ndicho ninachokipenda.

Nikachagua neno moja, brand, kwa sababu ukoo wake ni mkubwa na wote umetoka motoni. Kwa Waingereza wa kale lilikuwa moto wenyewe. Baadaye likawa alama ya chuma cha moto kwenye mnyama, kisha likahamia kwenye sabuni na viatu, ile tunayoiita chapa. Kitu kipya kabisa ni brand new, yaani ndiyo kwanza kimetoka kwenye moto wa mhunzi. Brandy ni mvinyo uliopikwa. Hapo hata wapika gongo wangenielewa. Na mchochezi huitwa firebrand, kijinga cha moto.

Alhamisi niliyaeleza yote hayo kwa mbwembwe. Kimya. Mkaguzi, mzee wa miwani aliyeketi nyuma, akatazama saa. Nikageukia ubao, nikachora ng'ombe, nikampiga chapa kubwa katikati ya ubavu, penye nafasi.

"No, madam!"

Alikuwa msichana mrefu wa dawati la mwisho, ambaye tangu shule ifunguliwe sikuwahi kusikia sauti yake. Alisimama, akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba hapo nimeharibu ngozi nzima; chapa huwekwa chini, mguuni. Jirani yake akadakia, naye kwa Kiingereza, kwamba chuma kikiwa chekundu mno kinachoma nyama, kisubiriwe kipate rangi ya majivu. Mwingine akasema bibi yake ndiye firebrand wa kijiji. Darasa likaangua kicheko. Vidole vikajaa hewani, na msichana akaja mbele akafuta chapa yangu kwa kiganja.

Niliona fahari.

Kengele ilipolia, mkaguzi alinifuata ubaoni. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Darasa lako linasema. Lakini zizini kwangu usikanyage."

Somo likabaki langu. Jioni mkuu wa shule akaniuliza kama kule kukosea kulikuwa mbinu ya kufundishia. Nikamjibu ndiyo. Nilidanganya, na sijatubu.

Msichana hakudanganyika. Jumamosi alinipeleka kwao, akamweleza baba yake kwamba madam wao anajua maneno yote ya chapa isipokuwa kazi yenyewe. Mzee akacheka, akanipa chuma chekundu kutoka motoni. Nilisubiri kipate rangi ya majivu. Nikakiweka chini, mguuni mwa ndama, nikahesabu hadi tatu, na mama wa nyumba akapiga kigelegele.

"Very good, madam," akasema mwanafunzi wangu.