Marcelina Atoka Sandukuni

Kwa miaka mingi Marcelina, mzaliwa wa Mwamgongo, alikatwa vipande viwili mbele ya watu, kutoka Ujiji mpaka Kagunga, na kila alipounganishwa upya makofi alipigiwa mumewe.

Mume huyo, Zefania, alikuwa mfanya mazingaombwe. Hilo angelivumilia. Lililomchosha ni kwamba alitunga pia hadithi za upelelezi, na alikuwa na rafiki mwenye maradhi hayohayo: Gervasi wa Kigoma mjini, bingwa wa mazingaombwe ya karata na vitambaa, mwenye masharubu ya kupakwa mafuta. Kila Jumapili wawili hao walikaa barazani Ujiji, wakala alichopika Marcelina, wakasomeana. Wapelelezi wao walivaa makoti mazito na kuvuta kiko katika miji ambayo watunzi hawajawahi kuiona. Gervasi akisoma, Zefania alifumba macho kama anayepokea komunyo. Zefania akisoma, Gervasi alimwita hazina ya taifa. Marcelina, akiosha vyombo, alimjua muuaji kabla maiti haijapoa. Mara nyingi alikuwa shangazi.

Mwaka 1975 gazeti moja likachapa hadithi ya Gervasi. Zefania aliisifu mtaa mzima ingawa hakuwa ameisoma. Maandishi ya kusoma kwa makini yalikuwa yake tu. Laiti angeisoma. Mwizi katika hadithi ile alijificha katika sanduku la mazingaombwe, amejikunja katika nusu yake moja, huku miguu iliyochomoza upande wa pili ikiwa ya mbao iliyovalishwa viatu. Ilikuwa siri ya nyumba yao, neno kwa neno.

Baadaye wakaalikwa Kidahwe, kuwaburudisha wanakijiji waliotoka shamba la ujamaa. Marcelina aliingia sandukuni, akajikunja. Msumeno ulipoanza kukwaruza, watu wakacheka. Gazeti lilikuwa limefika kwenye darasa la watu wazima, likasomwa mpaka likachanika. Bibi mmoja akasogea, akagonga ubao karibu na sikio la Marcelina.

"Pole, mwanangu," alisema taratibu. "Magoti hayakuumi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Zefania, jasho likimtiririka, aliendelea kukata, akimnong'oneza mkewe atulie. Marcelina akasukuma kifuniko, akatoka, akanyoosha miguu mbele ya wote.

"Yananiuma, bibi. Tangu nilipoolewa."

Njiani Zefania aliapa kwamba urafiki na Gervasi umekwisha. Hasira hiyo ilidumu mpaka Jumapili. Gervasi alikuja, akaeleza kwamba fasihi hudai ukweli, na Zefania akaguswa hata machozi yakamlenga. Aliomba tu naye atajwe katika hadithi ijayo. Kisha wote wawili wakamtaka Marcelina arudi sandukuni. Alikataa.

Basi Gervasi akajitolea kwa ajili ya sanaa. Siku ya onyesho, palepale Ujiji, tumbo lake likakwama, na seremala akaitwa kulipasua sanduku huku mtunzi akilia ndani. Watu walishangilia. Marcelina alitazama akiwa amesimama mbele kabisa, akitafuna karanga.

Wiki hiyo alipanda boti kurudi kwao Mwamgongo, akaanza kuanika dagaa na dada zake. Zefania alimfuata, akamleta na Gervasi wa kumsaidia kubembeleza. Walizungumza vizuri mno, wakipokezana, kila mmoja akitikisa kichwa kwa utamu wa maneno ya mwenzake. Marcelina aliwaacha wamalize.

"Boti inaondoka, Zefania," akasema, akaendelea kugeuza dagaa.

Hakuwasindikiza.