Avukaye Majivu Harudi

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa makaa ya moto kwa jirani, maana viberiti vilikuwa adimu kama sukari, kule kwetu Mhezi, milimani Same, ugonjwa mbaya ulizuiwa kwa majivu. Nyumba ikiingiwa, wazee walimwaga majivu kukata njia yake. Jumapili tulikuwa Walutheri safi, lakini majivu yakishamwagwa, hata mzee wa kanisa aliyazunguka. Bibi alitufundisha mapema: avukaye majivu harudi.

Mwaka ule kipindupindu kilitupandia na kibarua mmoja wa mashamba ya mkonge, mgeni, aliyekuja kuwalimia watu tangawizi. Alilazwa kwenye kibanda cha jirani, na majivu yakamwagwa. Shangazi Namsifu, binti pekee wa bibi, alikuwa muuguzi wa zahanati yetu. Zahanati yenyewe haikuwa na dripu wala glovu, na sabuni ilikuwa ya magendo. Akachemsha maji, akatia chumvi. Sukari tuliikosa.

"Namsifu mwanangu, mtu mwenyewe hata kwao hatukujui," bibi alimsihi.

"Mama, akifa na kiu nitamwambia nini Mungu?"

"Mwambie una mama."

Shangazi alicheka kidogo, akavuka na ndoo yake. Nilimpenda sana siku ile, na nilimkasirikia pia.

Kibarua alikufa. Kesho yake shangazi akaanza kutapika na kuharisha mlemle kibandani, akatukataza tusimsogelee. Alipozidiwa alisahau katazo lake mwenyewe, akawa anaomba maji. Bibi aliketi kwenye ukingo wa majivu, akasukuma kibuyu cha maji kwa mti mrefu hadi karibu na mlango. Shangazi hakuweza kukifikia. Niliinuka nimpelekee, bibi akanidaka mkono.

"Niache, bibi, anaita!"

"Namsikia. Nimemzaa mimi. Nikivuka, nani atawashika ninyi?"

Alilia bila kufuta machozi, na mkono wangu hakuuachia mpaka sauti ya shangazi ilipokatika. Kibuyu kilikutwa kimejaa.

Miaka michache baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa toka nje, maduka ya Same yakajaa sabuni za kila rangi. Bibi alinunua mche mmoja, akauweka sandukuni, na hakuutumia mpaka anakufa.

Kijijini wanasema hadi leo kwamba maneno ya bibi yalitimia. Yalitimia kweli, ila ni sisi tuliobaki upande wa huku tulioyatimiza. Hata hivyo siwezi kumlaumu bibi. Wajukuu wote tulipona, na wanangu wapo duniani kwa sababu ya mkono ule. Huwa naota nimesimama kwenye majivu yale, kibuyu nimekishika, shangazi anaita. Bibi hunikamata vilevile, nami siku hizi sivutani naye tena.